Plamu Mbili kwa Kila Tenga

Kifua changu kilinigharimu shilingi elfu tatu na mia tano. Nilipohesabu mara ya pili ikafika elfu nne na mia tatu, maana mara ya kwanza sikumtia kuku. Kuku yule alichinjwa kwa ajili yangu nikiwa nimelala chali nasubiri kufa, na mtu anayesubiri kufa haulizi bei. Hilo nalikubali kuwa kosa langu. Ila kinachoniuma hadi leo, kuliko kifua chenyewe, ni kwamba yote yalianza siku niliyojaribu kuokoa shilingi mia mbili.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu Lushoto akagundua kwamba kumbe alizaliwa mfanyabiashara. Zamani tulikuwa tunabembeleza gari lije kuchukua matunda yetu kabla hayajaoza. Sasa malori yalipanda yenyewe kutoka Mombo, matupu, yakipiga honi kwenye kila kona kama yanakuja kuposa. Tajiri mmoja wa Dar es Salaam alinipa kazi ya kumnunulia plamu. Yeye alibaki kwenye lori akisikiliza redio, mimi nikasimama kando ya barabara chini ya soko tangu alfajiri, nikiwapokea wakulima waliotelemka na matenga yao kichwani. Kwa kila tenga nililopitisha nilipata changu. Nyumbani tulikuwa na watoto wanne na mume fundi cherehani ambaye mitumba ilikuwa imemnyang'anya wateja wote, akabaki kukunja suruali za watu warefu wa Ulaya ziwatoshe watu wafupi wa milimani. Kazi ile ya plamu ndiyo iliyokuwa unga wetu, mafuta ya taa yetu na ada ya shule.

Tajiri alinichagua kwa sababu moja: siibiwi. Wakulima wetu ni watu wa dini, Waislamu kwa Walutheri, lakini likija suala la kupanga tenga wote wana imani moja, nyekundu juu na kijani chini. Mnunuzi mgeni anatazama juu, anafurahi, analipa. Mimi nilikuwa na kisu kidogo chenye mpini wa mbao, kimelika kwa kunolewa hadi kikawa chembamba kama jani la mgomba uliokauka. Nilichukua plamu moja ya juu, nikaikata, nikaonja. Kisha niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikachomoa moja ya chini kabisa, nikaikata, nikaionja nayo. Plamu mbili kwa kila tenga. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuzungumza bei, na mkulima alikuwa tayari ameshaanza kukohoa kwa aibu.

Kisu kile kilikuwa na mpenzi mwingine. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliuza kabichi hatua chache kutoka niliposimama. Kabichi ina faida ndogo na mzigo wa kuvunja mgongo. Kila asubuhi alikuja kunisalimia, akikitazama kisu badala ya kunitazama mimi.

"Shikamoo wifi. Hujachoka tu?"

"Marahaba. Sijachoka."

"Ukichoka useme. Mimi sina haraka."

"Nikichoka nitakuzika kwanza wewe, ndipo nipumzike."

Tulikuwa tunacheka. Mawifi wasiotaniana wana ugomvi, na sisi hatukuwa na ugomvi, tulikuwa na kisu tu.

Sasa, siku yenyewe. Lori lilikuwa karibu kujaa, yamebaki matenga manne chini, na wapakizi wakagoma. Jana yake walikuwa wakidai thelathini kwa tenga. Siku hiyo wameamka na hamsini.

"Kwani matenga yamekua usiku?" niliwauliza.

"Mama, na sisi tuko kwenye soko huria," akajibu mkubwa wao, akakaa juu ya jiwe na kukunja nne.

Hamsini mara nne ni mia mbili. Nikahesabu tena, bado mia mbili. Nikamwita mume wangu, nikamwambia apande lorini avute, mimi nisukume kutoka chini. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kushona hema kwa sindano ya mkono, lakini alipanda. Matenga matatu yalikwenda vizuri. La nne nililisukuma kwa mikono, kisha kwa bega, kisha kwa kifua, na mume wangu akalivuta ghafla kwa upande wake kabla sijawa tayari. Kitu kikavutika upande wa kushoto wa kifua changu, chini kidogo ya bega, kama uzi unaokatika ndani ya pindo. Wapakizi wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu. Mtu aliyeokoa mia mbili halii mbele ya aliowanyima.

Kuanzia hapo kifua kikawa kinauma. Nilisema hivyo kwa kila aliyeniuliza: kifua kinauma. Sikusema zaidi, maana sikuona zaidi. Kifua ni kimoja, kinauma, basi. Nikiinama kwenye tenga, kilichoma. Nikijigeuza kitandani, kilichoma. Nikishamaliza kazi ya asubuhi na kukaa, kiliwaka moto hapa katikati, na moto ule ulipanda kooni ukaniachia mdomo mchachu.

Nilikwenda kwenye duka la dawa, moja ya yale yaliyochipuka mjini kama uyoga baada ya mvua. Muuzaji aliniuliza swali moja tu la kitabibu: "Una shilingi ngapi?" Akanipa dawa ya kuchua ya mia tatu na hamsini, na aspirini za mia moja. Nilichua. Aspirini nilizimeza kila alfajiri, kabla ya kitu chochote, ili zinisaidie kuinama. Kuinama kulianza kuwa nafuu. Moto ukazidi. Nikaona ugonjwa wangu ni mjanja: ukiubana huku, unatokea kule.

Wiki ya tatu nilikaa chini mbele ya mkulima, nimeshika kifua, jasho la uchungu likinitoka. Na hapo, kwa bahati mbaya, watu wakakumbuka kwamba mwezi uliopita baba mmoja wa bondeni alikuwa akipalilia maharage, akashika kifua, akaanguka, na hakuinuka tena. Neno "moyo" likapita sokoni kabla sijafika nyumbani. Nilipofika, wifi alikuwa ameshatandika kitanda.

"Lala chali," aliniamuru. "Mtu wa moyo hatakiwi kujisumbua."

"Nani kasema ni moyo?"

"Soko zima."

Nikalazwa chali. Nikalishwa bada, ugali mkubwa wa muhogo, na maharage ili nipate nguvu, kisha nikalazwa chali tena. Siku ya pili ndipo alipochinjwa kuku. Alikuwa kuku wa wifi mwenyewe, tetea aliyekuwa akitaga, na supu yake ilikuwa na pilipili ya kumfufua aliyekwisha kuzikwa. Nilikunywa mabakuli mawili, nikalala chali, na mara moto ukapanda kifuani hadi nikamwambia mume wangu aniletee watoto niwaage.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, tepu ya kupimia bado iko shingoni, akasema, "Mama watoto, kesho uende hospitali. Wakisema ni moyo, kisu umpe dada yangu. Riziki isitoke nje ya nyumba."

Wifi alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Lakini kesho yake, tajiri alipoleta ujumbe kwamba lori linarudi baada ya siku tatu na anataka kujua nani atamnunulia, yeye ndiye aliyejitolea kunisindikiza. Nilimwambia mume wangu, bora nisindikizwe na mrithi, atakuwa makini nisife njiani kabla ya kukabidhi.

Hospitali ya misheni tuliyokwenda iko ng'ambo ya Soni. Nauli mia nne kwa mtu mmoja kwa safari moja, watu wawili kwenda na kurudi, elfu moja na mia sita. Nilijaribu kumweleza kondakta kwamba mgonjwa wa moyo anakaa kiti kidogo. Hakunielewa. Njiani wifi akataka chai na maandazi, mia mbili, akasema huzuni inampa njaa.

Daktari alikuwa kijana, koti jeupe limemzidi mabega. Mume wangu angelipunguza kwa nusu saa. Alisimama, akaniinamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamkonyeza wifi. Daktari anayeanza na shikamoo hawezi kukutoza sana. Kadi na kumwona vilikuwa mia saba, kwa hiyo nilikosea.

Akapima presha. Akaniwekea kile chombo cha kusikilizia kifuani na mgongoni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Kisha akaanza maswali. Na hapa lazima niseme ukweli kuhusu tabia yangu. Miaka yote ya kazi nimeishi kwa kanuni moja: anayetaja kwanza anachotaka, ndiye anayelipa zaidi. Sikuona kwa nini niibadilishe kanuni hiyo kwa sababu tu nimekaa mbele ya daktari. Nikimwambia naumwa sana, ataandika dawa nyingi. Nikimwambia naumwa kidogo, atafika bei ya kidogo.

"Kinauma vipi, mama?"

"Kawaida."

"Kinachoma, kinabana, kinawaka?"

"Wewe ungesema kipi?"

Akacheka kidogo. "Mama, mimi siumwi. Tangu lini?"

"Siku chache."

"Wiki tatu," alisema wifi, kutoka kwenye benchi.

Nikamtazama. Akatazama dari.

"Uliwahi kubeba kitu kizito, au kuanguka?"

"Sikuanguka."

"Alisukuma tenga lorini kwa kifua," akasema wifi. "Ana wapakizi wanne wamekaa juu ya jiwe, yeye anasukuma kwa kifua."

Daktari akaandika. "Asubuhi unakula nini kabla ya kazi?"

"Sili kitu," nilisema, na hilo lilikuwa kweli tupu. Sijawahi kula kabla ya kazi. Mfanyabiashara mwenye shibe ana huruma, na huruma ni hasara.

"Hakuna kitu kabisa? Pilipili, kahawa, vitu vichachu?"

"Nimesema sili."

Basi hapo wifi alinyamaza. Nilimsikia akivuta pumzi nyuma yangu. Yeye alijua kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakijua. Angekaa kimya tu, daktari yule angebaki na kifua kinachouma bila sababu, na mwanamke mzima aliyekaa chini sokoni ameshika kifua. Pengine angenipeleka hospitali kubwa, pengine angenikataza kazi msimu mzima kwa tahadhari. Kisu kingekuwa chake kufika Alhamisi, lori litakaporudi. Kimya chake hakikuhitaji hata kuwa uongo.

"Daktari," alisema, "huyu anakula plamu mbili kwa kila tenga."

"Siyo kula," nikageuka. "Ni kuonja!"

"Unatema?" akauliza daktari.

"Niteme riziki? Nameza."

"Anapitisha matenga mangapi kwa asubuhi?" daktari aliuliza, kalamu imesimama.

"Thelathini," alisema wifi. "Na zile za chini ni mbichi, ndiyo maana anazionja."

Daktari akapiga hesabu. Nami nikapiga hesabu. Mbili mara thelathini. Nikapiga tena. Plamu sitini, nusu yake za kijani, juu ya aspirini mbili, kwenye tumbo tupu, kila siku ya lori. Mimi ninayehesabu hata viberiti ndani ya kiboksi, sitini hizo sikuwahi kuzihesabu, kwa sababu hakuna aliyenilipisha.

"Mama, nionyeshe kwa kidole panapouma ukiinua kitu," alisema daktari.

Nikaweka kidole upande wa kushoto, chini ya bega. Akabonyeza palepale. Nikaruka, nikataja jina la marehemu bibi yangu. Akaniambia nijizungushe kulia, kushoto, nikohoe, niinue mkono. Kila mara palichoma palepale, mahali pa kidole kimoja.

"Sasa nionyeshe panapowaka ukishakula au ukilala."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Haukwenda kwa kidole, ulikwenda kwa kiganja kizima, katikati ya kifua, ukapanda hadi kooni. Akabonyeza pale katikati. Hapakuuma hata kidogo.

"Unaona?" alisema. "Ni maumivu mawili. Haya ya kidole ni msuli wa kifua, ulivutika siku ile ya tenga. Ukiubonyeza unauma, ukijigeuza unauma, ukiupumzisha unapoa. Haya ya kiganja ni kiungulia. Tindikali ya tumboni inapanda juu. Haijali ukibonyezwa. Inajali unachokula, na inajali ukilala au kuinama baada ya kula. Mdomo unakuwa mchachu?"

"Unakuwa."

"Na aspirini uliyokuwa unameza kwa ajili ya msuli, ndiyo iliyokuwa inachochea tumbo. Ukainama kwenye tenga, vyote viwili vikapiga pamoja. Ukalala chali na shibe, tindikali ikapata njia tambarare."

Wifi akakohoa. "Na supu ya kuku yenye pilipili, daktari?"

"Dada, hiyo ilikuwa petroli."

Aibu niliyokuwa nayo haikuwa ya ugonjwa. Wiki tatu nilikuwa nimebeba maumivu mawili nikiyahesabu kama moja. Mimi! Mkulima angenifanyia hivyo kwenye tenga, ningemtangaza hadi Mlalo.

Kabla hatujatoka, daktari aliacha utani. Aliniambia moyo wangu ameusikiliza na presha ameipima, na kwa jinsi maumivu yanavyojieleza haoni dalili ya moyo. Lakini siku nitakayohisi kifua kinabanwa kama kimewekewa mzigo, maumivu yakakimbilia mkononi au kwenye taya, pumzi ikawa fupi, jasho baridi likanitoka, nisikae nyumbani kupiga hesabu za kidole na kiganja, nije hapo hapo, nauli iwe kiasi chochote. Alirudia mara mbili. Nilimheshimu kwa hilo. Ni mtu wa kwanza kunirudishia mchezo wangu wa kuhesabu mara mbili.

Kisha tukaingia kwenye masharti, na hapo nilikuwa nyumbani. Kunyanyua vitu vizito, marufuku kwa wiki tatu.

"Mbili," nilisema.

"Tatu. Aspirini, acha kabisa. Kula mapema, usilale mpaka saa tatu zipite. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali. Na plamu kwenye tumbo tupu, hapana."

"Moja kwa kila tenga?"

"Hapana."

"Moja kwa matenga mawili, iliyoiva?"

"Mama, tunatibu au tunanunua?"

Akaniandikia vidonge vyeupe vya kutafuna, mia mbili na hamsini. Vina ladha ya chokaa ya ubaoni, lakini kabla hatujafika Soni moto ulikuwa umezimika, na mimi nilikuwa nahesabu nguzo za simu kwa furaha.

Ndani ya gari nilimuuliza wifi, "Kwa nini ulimwambia?"

"Nilimwambia nini?"

"Plamu. Ungenyamaza ungekuwa na kisu."

Akatazama dirishani, mashamba ya chai yakipita mistari kwa mistari kwenye mteremko. "Nikirithi kisu cha mtu aliyekufa kwa kuonja," alisema, "si nami nitaonja?"

Nikarudi kuhesabu nguzo za simu.

Matofali sita yalikuwa mia tatu. Nilianza kwa kuomba yaliyovunjika lakini yalikuwa hayalingani. Tuliinua kichwa cha kitanda, na mume wangu kwa mwezi mzima aliamka asubuhi magoti yake yakiwa nje ya ukingo wa chini, akisema ameoa mlima. Wapakizi niliwalipa hamsini kwa tenga, bila neno, nao wakaogopa kuliko ningewatukana. Na lori lilipofika, nilimweka wifi kando yangu. Yeye alikula uji kwanza, akashika kisu, akaonja, akatema. Mimi nilizungumza bei. Tajiri aliposikia tuko wawili alizima redio kwa mara ya kwanza, akauliza atalipa wawili? Nikamwambia analipa mmoja, anapata mdomo na ulimi, aendelee kusikiliza redio yake. Nilichokipata nilikigawa na wifi sehemu sawa. Kabichi zake alimwachia jirani.

Msuli ulipona kwa wiki tatu, kama alivyosema. Nilikuwa nimetabiri mbili. Kiungulia kilirudi kila nilipojisahau, na bado kinarudi, na sasa nakijua kwa jina. Kikija naweka kiganja, naenda kukaa wima.

Kilichobaki ni kuku. Miaka imepita, sote wawili tumeota mvi, kisu kiko kwake na hakirudi, na bado kila tunapokutana kwenye shughuli wifi ananidai. Anasema tetea yule alimchinjia mgonjwa wa moyo, na mimi sikuwa mgonjwa wa moyo, kwa hiyo nilikula kuku wa mtu mwingine. Tena anadai na mayai ambayo angetaga, na vifaranga vya mayai hayo. Mimi namjibu kwamba supu ile nusura iniue, na sheria yoyote ya haki ingemtaka yeye anilipe. Kuku nimeshamwandika, mia nane, kwa bei ya wakati ule.

Lakini nikifunga hesabu, kuna kitu kimoja hakiingii popote. Ni yale maneno machache aliyoyasema pale benchini, siku ambayo kukaa kimya kungemletea kisu chote peke yake. Nimejaribu kuyapa bei mara mbili, yamenishinda. Mnaojua hesabu kuliko mimi, nishaurini: nimlipe kuku tu, au niandike shilingi ngapi?